Mkono wa Mama Mkwe

Wanaonijua wanasema nina mdomo. Ni kweli ninao, na Mungu hakunipa uwe pambo. Lakini tangu binti yangu Jenifa aolewe, mdomo huu ulikuwa haujawahi kutaja jina la mumewe, na macho yangu yalikuwa hayajakutana na yake hata kwa bahati mbaya. Si kwamba tuligombana, la. Kwetu ndivyo mama mkwe na mkwewe wa kiume wanavyoheshimiana. Mkionana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Hamli sahani moja, hampandi chombo kimoja, hamtajani majina. Vijana wa mjini wanacheka, na wacheke tu. Mama yangu alimkwepa mume wa dada yangu mpaka siku alipoingia kaburini, na walipendana sana.

Simu ndiyo iliyotuletea nafuu. Mzee mmoja wa ukoo aliulizwa kama ni halali, akafikiri, akajibu kwamba simu haina macho. Basi mkwe wangu akawa ananipigia kila Jumapili. Shikamoo mayu, yaani mama, marahaba baba, mvua zimenyesha huko, kuku wameacha kufa? Tulicheka hadi bando linakata. Siku akija kijijini, tukikutana kwenye kona ya kisimani yeye anaruka mtaro na mimi nafunika uso kwa kanga, kama watu wawili wanaodaiana. Nikisema nilimpenda kijana yule bila kujua pua yake ikoje, sisemi uongo.

Kazi yake ni guta, zile pikipiki za magurudumu matatu zenye bodi ya mizigo nyuma. Anabeba matofali, mkaa, mabelo ya tumbaku, chochote. Jenifa alipofikia miezi ya mwisho alirudi kwangu, kwa sababu uzazi wa kwanza hufanyika kwa mama. Zahanati yetu ipo hapo hapo kijijini, kando ya barabara ya zamani inayokwenda Tabora mjini. Nikajua kila kitu kiko tayari. Nguo za mtoto zilikunjwa, ulezi wa uji ulisagwa, na mimi nilikuwa nimeshawatangazia majirani kwamba naitwa bibi.

Uchungu ulimwanza asubuhi, tukaenda zahanati kwa miguu taratibu. Mkwe alipopata habari alikuja na guta lake, akaliegesha mbali, kwenye bani la kukaushia tumbaku ng'ambo ya uwanja, ili tusionane. Akawa ananitumia ujumbe kuuliza hali. Mimi namjibu, anatuma mwingine. Nikamwandikia, mwanangu, mtoto si chapati, hageuzwigeuzwi, tulia.

Nesi wa zamu alikuwa Veneranda, mwanamke mnene mpole ambaye sijawahi kumwona akikimbia. Mwenzake alikuwa amepanda gari la wagonjwa kumpeleka mjini mtoto mwenye degedege. Kitanda cha pili kilikuwa na mama aliyejifungua muda si mrefu, na damu yake ilikuwa bado haijakata. Veneranda alikuwa anahangaika huku na huku peke yake, na bado akapata nafasi ya kunitania kwamba nimekuja kumsimamia kazi.

Mchana Jenifa akasema chupa imepasuka. Maji yakamwagika mengi, kwa kishindo. Veneranda akavaa glavu, akapima, na pale pale nikaona uso wake umebadilika. Hakupiga kelele. Alimwambia Jenifa ageuke haraka apige magoti, kifua kiguse kitanda, makalio yawe juu, na asithubutu kusukuma. Yeye mkono wake haukutoka. Ulibaki ndani vile vile, na kwa mkono mwingine akanivuta karibu.

"Mama Jenifa, nisikilize, na leo usinijibu," akasema. "Kitovu kimetangulia. Kimeshuka kabla ya mtoto. Kichwa kikiteremka kitakibana, na kikibanwa, mtoto hapati damu wala hewa. Nakizuia kichwa kwa vidole. Anatakiwa kupasuliwa mjini, na anatakiwa sasa hivi. Yule mkweo na guta lake yuko wapi?"

Nikasema yuko bani. Akasema kamwite. Nikafungua mdomo kumwambia kwamba siwezi kumwita mkwe, kwamba atafutwe mtu wa kwenda. Lakini mtu gani? Ilikuwa msimu wa kupanda, kijiji kizima kiko shambani. Nilitazama mkono wa Veneranda, nikamtazama mwanangu aliyeinamisha kichwa kwenye shuka, nikatoka mbio.

Sasa sikilizeni jambo la kuchekesha na kuliza. Kijana amekaa juu ya guta lake, amenyoosha miguu. Anainua macho anamwona mama mkwe anamjia mbio katikati ya uwanja, kanga imeanguka begani, kichwa wazi. Angefanya nini mtu aliyefundishwa adabu? Aliruka chini akakimbia. Nikapaza sauti, wewe, njoo! Jina siwezi kulitaja, na "wewe" ni mtu yeyote. Akadhani namfukuza kwa kuwa amenikaribia mno. Alizunguka nyuma ya bani, nami nikazunguka. Nilipotokea upande wa pili yeye alikuwa ameshaingia kwenye mihogo, naona majani tu yanayumba. Kadiri ninavyomfuata ndivyo anavyozidi kuniheshimu. Mungu wangu, nikasema, heshima hii itaniulia mjukuu.

Nilisimama ukingoni mwa shamba, pumzi hakuna, nikakumbuka simu iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Nikampigia. Ikalia hapo hapo kwenye mihogo, hatua chache mbele yangu, na ule wimbo wake wa singeli. Akapokea kwa adabu zote.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba. Mwanangu, usikimbie tena. Mtoto wako anakufa. Leta guta mlangoni kwa nesi, utubebe wote."

Kisha mihogo ikafunguka, akanipita mbio kuelekea kwenye guta, uso ameugeuzia upande wa bani hata katika mbio zile.

Niliporudi ndani, yule mama wa kitanda cha pili alikuwa anaita nesi kwa sauti ya kufifia. Veneranda alimtazama yeye, akamtazama Jenifa. Nikaelewa kabla hajasema. Akiondoka, huyu mwingine hatamkuta. Aliniambia ninawe mikono hadi kiwikoni, akanivisha glavu.

Nikamwambia mimi si nesi. Akaniuliza ni nani aliyemgeuza ndama tumboni mwa ng'ombe wa mzee Lugembe mwaka juzi, wakati wanaume wamesimama wanatazamana. Nikasema ni mimi, lakini yule alikuwa ng'ombe. Akasema mkono ni ule ule, na huyu ni mwanangu, kwa hiyo nitamshika vizuri zaidi.

Akauongoza mkono wangu hadi ulipokuwa wake. Nikakikuta kichwa cha mjukuu wangu, kigumu, chenye joto. Na pembeni mwa vidole nikakigusa kitu laini kinachoteleza, na kitu kile kilikuwa kinadunda. Nimezaa watoto sita na sijawahi kugusa uhai namna ile.

Veneranda alinieleza kwa maneno machache. Kitovu nisikichezee, kazi yangu ni kukiinua kichwa tu. Kinapodunda mtoto yuko hai. Uchungu ukija kichwa kitanisukuma, nami nikisukume zaidi. Mdundo ukipungua, makalio ya Jenifa yapandishwe juu. "Na mkono huu," akasema, "usiutoe mpaka daktari akuambie toa. Hata ukifa ganzi. Nampigia sasa hivi, watawasubiri mlangoni."

Alimtandikia godoro kwenye bodi ya guta. Jinsi tulivyompakia Jenifa nikiwa nimeunganika naye, msiniulize, hata sasa siwezi kuelezea. Tulimweka magoti na kifua chini, kichwa chake nyuma ya kiti cha dereva, na mimi nimechuchumaa mkiani mwa bodi, kanga mbili zimetufunika. Mkwe alikuwa ameshakaa kwenye usukani, mgongo kwetu. Na kabla hajawasha chombo alifanya kitu ambacho sitakisahau. Alinyoosha mkono akavipinda vioo vyote viwili vitazame chini, ili asinione hata kwa bahati mbaya. Nilimwonea huruma, na hapo hapo nikakasirika. Tukaondoka.

Barabara ile mnaijua. Ni mchanga na miembe mikongwe pande zote, njia waliyopita wapagazi wenye pembe za ndovu vichwani kwenda pwani na kurudi. Babu wa bibi yangu alikuwa mmoja wao, na bibi alipotutuma maji kisimani alikuwa akitukanya kwamba katika ukoo wetu mzigo haushushwi njiani, unashushwa kambini. Nilikuwa nauchukia msemo huo nikiwa mtoto. Siku hiyo niliusema kimoyomoyo kwenye kila shimo.

Na mashimo yalikuwepo. Guta likidunda, kidole kinateleza. Kwa kuwa mkwe simsemeshi uso kwa uso, nilifanya kama kawaida yetu, nikamtuma mtu wa tatu. Nikasema, Jenifa, mwambie mwenye chombo apunguze mwendo kwenye mashimo. Jenifa, uso kwenye godoro, uchungu umemshika kiuno kizima, akanijibu, "Mama, mwambie mwenyewe!" Nilitaka kumgombeza kwa kukosa adabu. Lakini kijana alikuwa amesikia, akapunguza, na hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Tulikwenda hivyo. Uchungu ukija nilikuwa nasukuma kichwa juu, na Jenifa anahema kama alivyofundishwa, haa, haa, bila kusukuma. Mwanangu yule. Tangu utoto alikuwa mtu wa kulia akichomwa na mwiba, na siku hiyo hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu, tena kila mara, kinadunda? Nami namjibu kinadunda, mama, kinadunda. Mkono ulianza kuwaka moto kuanzia kwenye kifundo hadi begani, kisha moto ukaisha, nikawa sijui tena kama ni wangu. Vidole tu ndivyo vilivyokuwa hai.

Tulipoanza kuona mabati ya mji niliwaza, tumefika. Usiseme umefika kabla hujavua viatu. Kwenye kivuko cha reli tulikuta treni la mizigo limesimama, limeziba barabara yote, behewa kwa behewa, kushoto halina mwanzo, kulia halina mwisho. Bodaboda zimejipanga, mikokoteni imejipanga, akina mama wanauza uyoga na asali kwa watu waliokwama. Hakuna aliyekuwa na haraka. Mkwe akapiga honi ndefu, lakini treni ni treni.

Na uchungu mkubwa kuliko wote ukaja hapo. Magoti ya Jenifa yakaanza kutetemeka. Binti yangu amerithi mwili wa marehemu baba yake, si mtu mwepesi, na kwa muda wote huo alikuwa amejishikilia kwa nguvu zake mwenyewe. Nguvu zikamwishia. Kiuno kikaanza kushuka, kichwa cha mtoto kikanikalia vidoleni, na ule mdundo ukapungua. Ukadunda. Ukakaa. Ukadunda tena kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango na kukata tamaa. Niliogopa. Katika maisha yangu nimewazika wazazi, mume na mtoto mmoja, lakini hofu ya namna ile sikuwa naijua.

Mkono wangu mmoja usingeweza kumwinua. Wale wauza uyoga walikuwa ng'ambo ya barabara na hawajui lolote. Aliyekuwa karibu alikuwa mmoja tu, na alikuwa amenipa mgongo kwa heshima.

"Fikiri," nikaita.

Hakugeuka. Naapa nilimwona mabega yakikakamaa. Alidhani amesikia vibaya, maana jina lile halijawahi kutoka kinywani mwangu.

"Fikiri mwanangu, geuka. Panda huku umshike mkeo. Mimi ninayekwambia ndiye mama mkwe wako, na dhambi yake naibeba mwenyewe."

Akageuka. Aliruka kutoka kwenye kiti akaingia kwenye bodi, akapitisha mikono chini ya kiuno cha Jenifa, akamwinua kwa nguvu zote za mtu anayeshindana na matofali kila siku. Nikakisukuma kichwa. Na kwa kuwa yeye alikuwa upande ule na mimi upande huu, mgongo wa Jenifa katikati yetu, hapakuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Tukatazamana. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Ana macho ya mtoto. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye kidevu, na hakuthubutu kuachia mkono ajifute.

Aliniuliza kwa midomo tu, bila sauti. Nikatikisa kichwa, bado. Akamwinua Jenifa juu zaidi, mpaka magoti yakaacha godoro. Tukangoja hivyo. Kisha nikausikia mdundo kwenye ncha ya kidole cha kati, du. Halafu tena, du, du, na ukaanza kukimbia kama ulivyokuwa unakimbia mwanzo.

"Kinadunda," nikasema.

Fikiri akalia. Alilia waziwazi mbele ya mama mkwe wake, na mimi nikalia mbele yake, na Jenifa aliyekuwa chini yetu akasema tunammwagia machozi mgongoni.

Kelele zile zikawavuta akina mama wa uyoga. Wa kwanza kuchungulia, baadaye nilijua anaitwa Mwanahawa, aliangalia mara moja akaelewa kila kitu. Aliwageukia wenzake akasema mficha uchi hazai, leteni kanga. Zikaja kanga kutoka mabegani na viunoni, wakatuzunguka wakazinyoosha, tukawa na kuta nne za maua na methali katikati ya barabara. Hakuna mwanaume aliyeona kisichomhusu. Mwingine alimwaga asali kwenye kifuniko akamlambisha Jenifa.

Na Mwanahawa akaenda kwenye treni. Mimi nilidhani nina mdomo. Kumbe sikuwa nimemsikia Mwanahawa. Alikwenda sambamba na mabehewa hadi alipompata mlinzi wa treni, na sisi tulikuwa tunamsikia kutoka tulipo. Alimwambia kuna mtoto anasubiri behewa hili liondoke ili avute pumzi, na kwamba yeye mlinzi kama alizaliwa na mwanamke, aseme sasa kwenye redio yake. Bodaboda nao wakaongeza zao. Yule mtu wala hakubisha. Aliongea na dereva, honi ikalia, na ile minyororo ya chuma ikaanza kugongana kutoka mbele kuja nyuma, ka, ka, ka. Treni likatambaa. Sijawahi kusikia muziki mzuri kama ule.

Fikiri hakuweza kuachia kiuno cha mkewe arudi kwenye usukani. Bodaboda mmoja anayeitwa Marko aliitupa pikipiki yake mikononi mwa mwenzake, akarukia kiti cha guta. Wengine wakatangulia, honi zimeshikwa hazijaachiwa, wanasimamisha magari kwenye kila njia panda. Tuliingia Tabora kama maharusi. Watu walitoka madukani, wengine wakapiga vigelegele bila kujua wanamshangilia nani. Nikawaza, shangilieni tu, mtajua baadaye.

Daktari alikuwa mlangoni kama Veneranda alivyoahidi. Ni binti mdogo wa Kiarabu wa hapa hapa mjini, anaitwa Daktari Shaima, mwembamba hata nikatia shaka. Alifunua kanga, akanitazama mkono, akaniuliza kama kinadunda. Nikasema kinadunda. Akaniuliza kama nimechoka. Nikamwambia hilo asiniulize. Akatabasamu, akasema basi usiutoe, tunaingia wote.

Fikiri walimwacha mlangoni. Mimi walinivisha kofia na gauni la kijani, wakamlaza mwanangu chali, wakamtia usingizi, wakatandika vitambaa juu yake, na mimi nikawa chini ya vitambaa hivyo nimechuchumaa kama kuku anayeatamia. Nilikuwa sioni kitu. Nilikuwa nasikia vyuma vikigongana kwenye sinia na sauti ya Daktari Shaima, fupi fupi. Kichwa kilikuwa kwenye vidole vyangu na mdundo kando yake, nami nikawa naongea nao taratibu. Nikamwambia mjukuu wangu kwamba kambi ndiyo hii.

Kisha kichwa kikaondoka. Sikukisukuma mimi. Kuna mikono mingine ilikuja kutoka juu, nikahisi kinanyanyuka, kinaachana na vidole vyangu kimoja kimoja, kinakwenda kwenye mwanga. Vidole vikabaki vimeshika hewa.

"Mama, toa mkono," daktari akasema.

Nikautoa. Hapakuwa na sauti. Nikasubiri, hapakuwa na sauti. Nikawasikia wakisogea kwenye meza ya pembeni, mtu anasugua kitu kwa taulo, mtu anasema mnyonye kamasi, mtu anasema mpe hewa. Nilikuwa bado chini ya kitambaa na sikuthubutu kujifunua. Nilisema, Mungu, mdundo ule umenipa mwenyewe njia nzima, usininyang'anye mlangoni.

Mtoto akapiga chafya. Baada ya chafya akakohoa, na baada ya kikohozi akalia, na kilio chenyewe si kile cha kusikitika. Kilikuwa kilio cha mtu aliyeudhiwa na anayetaka kuonana na mkubwa wa mahali. Nikajua huyu ni wangu. Nikapiga kigelegele hapo hapo chini ya kitambaa. Daktari Shaima akanikumbusha kwamba hicho ni chumba cha upasuaji. Nikamwomba radhi, nikapiga cha pili, na nikasikia yeye mwenyewe anacheka huku anashona.

Walinitoa nje kwenye korido, nikakaa kwenye benchi, mkono unaning'inia. Fikiri alikuwa amesimama ukutani. Aliponiona, mazoea yakamrudia. Aligeuka kutafuta pa kukimbilia, na korido ile ina mlango mmoja, nami nilikuwa nimeukalia. Mimi pia mazoea yalinirudia, nikataka kuinua kanga nifunike uso. Mkono haukuinuka. Ulikuwa umekufa ganzi kabisa, kama mwiko. Tukabaki tunatazamana.

Nesi akatoka na mtoto ndani ya kitenge, msichana, mzima, amekunja ngumi. Akaniletea mimi kwa kuwa mimi ndiye bibi. Nikamwonyesha mkono wangu, nikamwambia ampe baba yake. Fikiri akampokea kama mtu aliyepewa sufuria la moto. Nikasimama, nikasogea hadi bega langu likagusa lake, na kwa mkono mzima nikamweka kiwiko sawa chini ya kichwa cha mtoto. Jenifa alizinduka baadaye, na alichouliza kabla ya maji kilikuwa kile kile. Nikamwambia, sasa unaweza kuusikia mwenyewe, nikamlaza mtoto kifuani pake.

Yule mama wa kitanda cha pili pia alipona. Veneranda alinipigia jioni kunieleza, nikamwambia mkono wangu umeanza kuwashawasha, akasema ni dalili nzuri, arudishiwe glavu zake. Ndivyo alivyo.

Tuliporudi kijijini shangazi zake Jenifa walikaa kikao. Walisema jina limetajwa, macho yameonana, miili imegusana, hivyo mwiko umevunjwa na lazima mbuzi achinjwe. Nikawaambia mbuzi achinjwe tena anenepe kwanza, kwa sababu wanakuja kumla akina mama wote wa uyoga, na Marko, na Mwanahawa anakula paja peke yake. Walikuja kweli. Mwanahawa alikula paja na akaomba supu.

Siku hiyo ya mbuzi ndipo Fikiri aliposimama mbele ya watu kumpa mtoto jina. Kwa mila yetu mkwe halitaji jina la mama mkwe, hata akimwota usingizini. Wapo wanaowapa watoto majina ya wakwe zao, halafu wanatafuta jina la kando la kuwaitia, ili ulimi usikosee. Shangazi mkubwa alikuwa ameshamtafutia jina hilo la kando. Fikiri akasema hapana, asante. Akasema mtoto huyu anaitwa Ngollo, na yeye atamwita Ngollo, kila siku, kwa sauti, kwa kuwa bila mwenye jina asingekuwa na wa kumwita. Ngollo ni mimi.

Juzi Fikiri alikuja kuwachukua mkewe na mtoto, amechelewa, mvua inanyemelea. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napepeta mahindi, mtoto amelala mgongoni kwangu. Nikamsikia anaita kutoka barabarani, kwa sauti ya kusikika hadi bani, "Ngollo! Ngollo, tuondoke!"

Mtoto hakuamka. Nikaitika mimi.